Gari la Kuvuta Bure

Watu wa parokia waliomfahamu Gaudiose tangu enzi za Vickery Meadow, mtaa wa wakimbizi kule Dallas, walisema kwamba siku alipoumbwa, udongo wote uliobaki ulitumika kutengeneza ulimi wake. Hakuna kilichompita salama. Mbwa waliovikwa sweta aliwacheka. Watu wanaolipa ili wakakimbie juu ya mkanda usiokwenda popote, macho yakiwa ukutani, aliwacheka. Kuna bibi harusi mmoja aliyekuja kanisani kwa gari refu la kukodi, gari likashindwa kupinda kona ya maegesho, akalazimika kushuka na kutembea kwenye matope na shela lake. Huyo Gaudiose alimcheka mpaka padri akamtuma mtu akamwombe apunguze sauti.

Alikuwa na haki ya kudharau, au ndivyo alivyoamini. Alivuka mpaka wa Burundi akiwa mgongoni mwa mama yake, akakulia kambini Tanzania, upande wa Kasulu, akaolewa huko, akamzaa Elvire huko. Muda wote huo alibeba kuni na maji bila mtu hata mmoja kumpigia makofi. Alipoletwa Dallas alipewa kazi ya kufua mashuka ya hoteli, na hata walipohamia Fort Worth alipata hoteli nyingine, mashuka yaleyale. Mtu anayekunja mashuka waliyolalia wengine, alisema, hashangazwi na binadamu.

Mumewe, Sadock, alikuwa kinyume chake. Mrefu, mpole, dereva wa folklifti, mashine ya kunyanyulia mizigo, kwenye ghala moja kubwa la Fort Worth, mwepesi wa kuanza jambo na mzito wa kulimaliza. Aliwahi kununua kinanda ili apige kwaya. Akajifunza wimbo mmoja, nusu. Aliwahi kufuga kuku nyuma ya nyumba. Kuku wakahamia kwa jirani, wakakaa. Mlango wa bafu aliung'oa ili aupake rangi, na mwaka wa pili ulikuwa bado umeegemea ukuta wa sebule. Wageni waliokwenda bafuni waliimba wakiwa ndani, ili watu wajue kuna mtu.

"Mume wangu hajashindwa kitu," Gaudiose alikuwa akiwaambia wenzake kazini. "Hajawahi kufika mahali pa kushindwa."

Balaa la gari lililetwa na Cheruiyot. Huyu alikuwa Mkenya, muuguzi, aliyejuana na Sadock hospitalini wakati Sadock alipoumia mgongo. Mikono yake ilikuwa laini kama ya mtoto na mdomo wake haukufungwa. Kila alichokigusa kwa wiki moja alikizungumzia kama mtu aliyekivumbua. Jumamosi moja aliwachukua kwenda kwenye maonyesho ya wilaya, katika mji mdogo kusini mwa Fort Worth, kuona mashindano ya magari ya kuvuta.

Wakakaa kwenye vibao vya watazamaji, kwenye jua kali. Uwanjani palikuwa na njia ndefu ya udongo ulioshindiliwa, na mwanzoni mwake tela kubwa la chuma. Gari likafungwa kwenye tela kwa mnyororo, likaunguruma, likatoa moshi, likaanza kuvuta. Kadiri lilivyokwenda, sanduku la vyuma juu ya tela lilisogea mbele kidogo kidogo, uzito ukashuka, pua ya tela ikachimba ardhi, mpaka gari likakwama magurudumu yakizunguka. Watu wakasimama, wakapiga kelele. Mtu akapima umbali.

"Wanalipeleka wapi lile tela?" Gaudiose aliuliza.

"Mpaka pale litakapokwama, shemeji," Cheruiyot akajibu. "Anayelifikisha mbali ndiye mshindi."

"Halafu?"

"Halafu trekta inalirudisha."

"Inalirudisha wapi?"

"Pale lilipokuwa."

Gaudiose akalitazama tela. "Basi sisi tuliobeba mizigo tukaifikisha tulikosea," akasema. "Kumbe unatakiwa uikwamishe, upigiwe makofi, uirudishe."

Lakini Sadock hakumsikia. Alikuwa amesahau soda mkononi mwake, macho yamemtoka. Mwishoni yalipita magari madogo, pikapu kuukuu za silinda nne, zilizovuliwa kila kitu mpaka zikabaki mifupa. Yalitengenezwa na watu wa kawaida kwa vyuma vya jalalani. Mengine yalifungwa waya. Sadock akageuka, akamtazama mkewe kwa uso ambao mkewe aliujua vizuri sana. Ndio uso aliokuwa nao kabla ya kinanda na kabla ya kuku.

"Mama Elvire," akasema, "hili naliweza."

"Yesu na Maria," akasema Gaudiose.

Gari lilipatikana Houston. Huko Alief, nyuma ya duka la vyakula vya Kiafrika, Egide, binamu wa mbali wa Sadock, alikuwa na pikapu ndogo aliyokuwa akibebea ndizi mpaka ilipogoma. Gaudiose alifuatana na Sadock na Cheruiyot kwa sababu zake mwenyewe: mawese ya Fort Worth aliyaita maji ya rangi, na dagaa wa huko aliwaita vumbi. Alirudi na ndoo ya mawese mapajani, na nyuma, juu ya tela la kukodi, lilikuja lile gari. Lilikuwa la rangi ya kutu, kioo kimoja hakipo, na chini ya kiti panya walikuwa wamezaa, wakalea na kuhama.

"Panya wenyewe wameona hapafai," Gaudiose alisema, safari nzima kutoka Houston, kila waliposimama kujaza mafuta.

Likawekwa ubavuni mwa nyumba, kwenye saruji. Sadock alianza kazi jioni moja baada ya zamu, na Gaudiose akakaa dirishani akisubiri aache.

Hakuacha. Aling'oa sanduku la nyuma, viti, mazulia, vioo, kila kisichovuta. Alilehemu difu ili magurudumu ya nyuma yazunguke pamoja, moja lisimwachie mwenzake. Nyuma alifunga chuma kinene chenye tundu, pa kushikia mnyororo wa tela. Mbele, ambako gari lazima liwe zito ili pua isiinuke, alitafuta uzito wa bure: vyuma vya watu wa kunyanyua mizigo vilivyotupwa kando ya barabara, vipande vya reli alivyopewa na mtu wa kazini, na makopo ya rangi aliyoyajaza zege. Matairi aliyapata kwa fundi mmoja Mmeksiko aliyekuwa anayatupa. Akakaa usiku na mchana wa Jumapili akiyachonga kwa kisu cha moto ili yapate meno.

Gaudiose aliyatolea maoni yote hayo. Difu lililolehemiwa alisema ni la mume anayetaka miguu yote miwili ikosee pamoja. Makopo ya zege aliuliza kama ni ya kujengea kaburi la dereva. Alipopeleka chai nje, aliiweka juu ya boneti na kusema, "Kunywa haraka, kabla hujaichoka na chai nayo."

Sadock alikunywa na kusema asante. Akarudi chini ya gari.

Mtu ambaye Gaudiose alimdharau zaidi, kuliko gari na kuliko mumewe, alikuwa Cheruiyot. Muuguzi huyu alikuja na glovu za kazini kwake, akashika spana kama anayepima homa, na baada ya nusu saa akakaa kwenye kiti akieleza. Alichokileta yeye ni rangi. Siku moja Sadock akiwa kazini, Cheruiyot alilipaka gari rangi nyeusi, akachora ndimi za moto ubavuni, na juu ya mlango akaandika kwa herufi za dhahabu: KIFARU.

"Tuta-win hata kabla ya ku-start, shemeji," akasema. "Psychology. Wakiona hii jina, wanaogopa."

"Wewe shemeji, wagonjwa wako pia unawapaka rangi?"

Cheruiyot akacheka sana, akidhani ametaniwa.

"Nauliza kweli," Gaudiose akasema.

Lakini kuna jambo lilimsumbua, na hakumwambia mtu. Miezi ilikuwa inakwenda na Sadock hakuwa ameacha. Alikuwa anatoka ghalani mgongo unamuuma, anakula amesimama, anatoka nje. Siku ya kwanza injini ilipowaka, nyumba nzima ilitetemeka, sahani zikagongana kabatini, na Gaudiose akatoka mlangoni tayari na neno. Akamkuta mumewe amesimama peke yake mbele ya gari, mikono kichwani, anacheka bila sauti. Neno lile akalimeza. Lilikuwa neno zuri, na baadaye alijilaumu kwa kulipoteza.

Siku ya mashindano walikwenda wote, Elvire naye, binti yao aliyekuwa anasomea mambo ya maabara na ambaye kila akiulizwa jambo kwa Kiswahili alijibu kwa Kiingereza. Uwanja ulikuwa uleule, vibao vilevile. Gaudiose alibeba mwavuli, maandazi na dharau ya kutosha siku nzima.

Mkaguzi alizunguka Kifaru na tochi. Akatikisa kiti. Kile kiti kilikuwa cha ngozi, kimetoka kwenye gari la kifahari lililopata ajali, mchango wa Cheruiyot, na alikuwa amekifunga mwenyewe. Kikatikisika kama jino la mzee. Mkaguzi akasema halitashindana. Cheruiyot akaanza kumweleza mkaguzi habari za psychology. Sadock akainama ndani ya gari. Akakifungua kiti, akakitupa nje, akafunga mahali pake kile kigumu cha basi la shule alichokuwa amekiweka kwanza na ambacho alikuja nacho kwenye buti la gari la nyumbani bila kumwambia mtu. Mkaguzi akatikisa tena, akaweka alama yake.

"Angalau mtu mmoja hapa ana macho," akasema Gaudiose, na hakueleza alimaanisha mkaguzi au mumewe.

Ilipofika zamu yake, Kifaru kiliingia uwanjani. Kati ya magari yale, hata ya watu maskini, kilionekana kidogo. Matairi yalikuwa hayalingani, makopo ya zege yamening'inia mbele kama meno, na ile mioto na herufi za dhahabu zilifanya mambo yawe mabaya zaidi, kama shanga kwenye shingo ya mbuzi. Sauti ya mtangazaji ikanguruma kwenye vipaza sauti. Akasema jambo. Vibao vyote vikaangua kicheko.

"Amesema nini?" Gaudiose akauliza.

"Nothing, Mama."

"Elvire."

Elvire akatazama miguu yake, kisha, kwa Kiswahili, ambacho alikitumia tu mambo yakiwa mazito, akasema, "Amesema mashine ya kukata majani imepotea njia. Amesema kama kuna mtu ana nyasi nyumbani, amwite huyu mzee."

Mtangazaji akasema tena kitu, watu wakacheka tena. Mwanamume mmoja mbele yao, mwenye tumbo, alicheka mpaka akajipiga goti. Gaudiose alimtazama mgongo. Akaufunga mwavuli.

Uwanjani Sadock naye alisikia. Hakuelewa maneno, lakini kicheko hakina lugha ya kutafsiriwa. Bendera ya kijani ikainuliwa, na yeye, mtu mpole, akakanyaga mafuta kama anayeua nyoka. Magurudumu yakazunguka mahali pamoja, yakarusha udongo, yakajichimbia mashimo mawili, na injini ikazima hapohapo. Kicheko kikawa kikubwa zaidi.

Kanuni yao ina huruma moja: dereva akikwama kabla ya mstari wa kwanza, anaruhusiwa kurudi na kujaribu mara moja tena. Kifaru kikavutwa kinyumenyume hadi mwanzo, ubavuni mwa uzio. Sadock akafungua mkanda. Akavua kofia ya chuma. Akatoa mguu mmoja nje.

Gaudiose alikuwa tayari ameshuka vibao, mwavuli umefungwa mkononi kama rungu. Cheruiyot alisimama karibu na uzio, akirudisha mfukoni simu aliyokuwa akirekodia. Gaudiose akampita kama nguzo.

"Baba Elvire! Unashuka unakwenda wapi?"

Sadock akageuka. Uso ulikuwa umejaa vumbi. "Basi, Mama Elvire. Wamecheka vya kutosha."

"Wamecheka nini? Mimi nimekucheka mwaka mzima, asubuhi na jioni, na hujashuka kwenye hilo gari. Hawa wamekucheka dakika mbili unataka kukimbia? Wana nini cha kunishinda mimi?"

Sadock akamtazama, mguu mmoja bado nje.

"Nilikucheka kwa kinanda, ukaacha. Nilikucheka kwa kuku, ukaacha. Hili nimelicheka kuliko yote na hukuliacha. Sasa unampa nani ushindi? Yule anayepiga kelele kwenye bomba? Hajui hata jina lako! Kulicheka hili gari ni kazi yangu, na sijampa mtu zamu yangu." Akapiga uzio kwa mwavuli. "Rudisha mguu ndani. Vuta hilo tela lao. Likwame huko mbele, wakalirudishe wenyewe."

Mwenye bendera alikuwa anangoja, akiwatazama mmoja baada ya mwingine, haelewi neno lakini haingilii. Sadock akarudisha mguu ndani. Akavaa kofia, akakaza mkanda, na kabla ya kuwasha akashika usukani kwa mikono miwili.

Mara hii alianza taratibu. Mnyororo ukakaza, tela likalalamika, likasogea. Hapo ndipo alipoongeza mafuta, kidogo, tena kidogo. Yale matairi ya kuchonga yakauma udongo. Makopo ya zege yakakandamiza pua chini. Kifaru kikapita mstari wa kwanza, kikapita mahali gari jekundu lililotangulia lilipokufa, gari lililong'aa kama sufuria ya dukani, ambalo mwenyewe alilinunua likiwa tayari limeundwa. Sanduku la tela likaendelea kupanda, kasi ikashuka, injini ikalia sauti nyembamba, kisha kitu kikapasuka chini ya boneti na mvuke mweupe ukafunika kila kitu. Kikasimama.

Hakushinda. Wengi walimpita, na wawili walifika mwisho kabisa wa uwanja. Lakini watatu walibaki nyuma yake, na mtangazaji alisoma umbali wake kwa sauti ya kawaida, bila kuongeza kitu. Hakuomba radhi, na hakuna aliyetegemea aombe. Yule mwenye tumbo alikuwa anapiga makofi. Gaudiose alipopanda kurudi mahali pake alimkanyaga kidole, na hakurudi nyuma kuangalia.

Njiani kurudi, Kifaru kikivuja maji juu ya tela nyuma yao, Sadock aliendesha mpaka taa za Fort Worth zikaanza kuonekana.

"Umeshindwa," Gaudiose akasema.

"Nimeshindwa," Sadock akakubali, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeoa jana.

Wakaenda kidogo.

"Yule wa gari jekundu," akasema Gaudiose, "umemwona? Amevaa miwani ya jua, amevaa glovu, ana fulana yenye picha ya gari lake mwenyewe. Kumbe hata mstari wa mwisho hakuukaribia. Mjinga yule. Akalipake mafuta aliweke sebuleni."

Sadock nusura atoke barabarani. Katika ndoa yao yote, mkewe hakuwahi kumcheka mtu mwingine akimtetea yeye. Akaanza kucheka, na Gaudiose akamwambia aangalie mbele kabla hajawaua wote kwa ujinga wake, na Elvire, kiti cha nyuma, akatoa vidude vya muziki masikioni ili asikie vizuri.

Cheruiyot hakudumu. Siku hizi anacheza gofu, na kila Jumapili anaeleza watu jinsi kijiti kinavyoshikwa. Sadock alibadilisha bomba lililopasuka, kisha giaboksi, kisha akafuta ile mioto na kulipaka gari rangi moja tu, ya kijivu, aliyopewa na mtu wa kazini. Jina alilifuta pia. Kila kiangazi wanakwenda kwenye maonyesho mawili matatu ya vijijini. Hajapata kushinda. Mara moja alishika nafasi ya tatu, siku ambayo mvua ilifukuza nusu ya washindani, na Gaudiose aliwaambia wenzake hotelini kwamba nafasi ya tatu ya matopeni huhesabiwa kwa vidole vya miguu.

Yeye sasa ana kiti chake cha kukunja, kivulini. Anayajua magari yote ya daraja lile, na hakuna hata moja analoliheshimu. Mwaka jana mama mmoja Mzungu, mke wa mshindani mwingine, alihamishia kiti chake karibu. Hawana lugha moja, lakini yule mama alimwonyesha mumewe, aliyekuwa amelala chali chini ya gari lake huku suruali imeteremka, akatikisa kichwa. Gaudiose akamwonyesha wake, aliyekuwa anabusu rosari kisha anaipiga injini nyundo. Wakatazamana. Gaudiose akampa andazi.

Namba ya Sadock ilipoitwa, Gaudiose alisimama, akamkabidhi yule mama sahani yake, akakunja mikono kuzunguka mdomo.

"Polepole, wewe!" akapiga kelele mpaka mwenye bendera akageuka. "Usikanyage kama mwehu! Nilishakuambia, hilo siyo folklifti la ghalani!"

Sadock akainua kidole gumba, akafunga kofia.